Vizibo Visivyo na Masikio

Kliniki, chumba cha nyuma
3 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mama anakusalimu mno. Goti lake limeacha kumsumbua, sasa linasumbua wengine, maana amerudi kuzunguka mtaani kuulizia habari za kila nyumba. Mkazamjomba naye mpe salamu zangu, mwambie shuka alilonishonea ndilo ninalojifunika mpaka leo. Nimekupigia simu siku nyingi, inaita mpaka inakata yenyewe. Nikaona bora nishike kalamu.

Mjomba, nimekwama, na sina mwingine wa kumlilia.

Unaijua kazi yangu. Watoto wasiosikia vizuri wanaletwa kwetu, tunawapima, halafu tunawamiminia sikioni dawa laini inayoganda, ikitoka ina umbo la sikio lenyewe. Tunaituma karakana, mji wa mbali, na wao wanatutengenezea kile kipande laini kinachoingia sikioni na kushika kifaa cha kusikilizia. Sisi tunakiita kizibo. Kila kizibo ni cha sikio moja tu duniani. Cha huyu hakimkai yule.

Sasa kompyuta ya mapokezi iliungua, na programu yetu ikafa nayo. Kilichopona ni faili moja la maandishi kwenye flashi. Wiki iliyofuata karakana wakaleta sanduku: mamia ya vifuko, kila kifuko kina namba na kaherufi basi, hakuna jina hata moja. Wameleta na faili lao. Mstari wa kwetu uko hivi: namba, kaherufi, jina, umri, simu ya mzazi, na katikati kuna vijiti vilivyosimama.

1032|C|(jina)|5|(simu)

Wa kwao una mikato, na namba iko mwisho:

kulia,buluu,C,1032

Nimejaribu kulinganisha kwa rula, mstari kwa mstari. Nikipiga chafya tu nimepotea. Msimamizi anasema mpaka katikati ya Mei tukiwa hatujajua kipi cha nani, sanduku zima linatupwa na tunaanza kupima upya. Lakini wazazi hawa wengine walikopa nauli kuja mara ya kwanza, hawatarudi. Na hata tukisubiri, sikio la mtoto halisubiri. Linakua, kizibo kinakataa kuingia.

Fundi alitupatia kompyuta nyingine yenye Linux, ina lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nalitazama, nalo linanitazama. Wewe ofisi ya maji mnaoanisha mita na wateja kila kukicha. Nifundishe, Mjomba.

Mimi Chiriku wako, leo nimeishiwa maneno

*

Ofisi ya maji, chumba cha mitambo
19 Februari

Chiriku,

Marahaba mwanangu. Wewe kuishiwa maneno? Nitaiamini siku nikiiona. Dada mwambie apunguze miguu, na namshukuru kwa kunikumbuka. Sisi tupo. Mkazamjomba wako mzima, anashona. Ofisini tumeletewa vijana wapya, wana akili, ila wana tabia moja inayonichosha: wananong'ona. Unamuuliza mtu swali, anajibu kama anamwambia shati lake.

Simu hiyo usiihesabu, ina ugonjwa wake. Na meseji haifai kwa jambo hili, kwa sababu nukta moja ikikosewa amri nzima imeharibika. Tuandikiane kwenye karatasi.

Sikiliza. Wapange watoto foleni moja, vizibo foleni ya pili, kila kimoja na namba yake. Kompyuta inatembea katikati, mkono mmoja foleni hii, mwingine ile. Namba zikifanana, inawashikanisha. Lakini foleni zisipopangwa kwa utaratibu mmoja, itawapita watu bila kuwaona. Kwa hiyo kwanza unabadili mikato iwe vijiti, unapanga, ndipo unaunganisha:

tr ',' '|' < vizibo.csv > vizibo.txt
sort -t '|' -k 1,1 watoto.txt > w.txt
sort -t '|' -k 4,4 vizibo.txt > v.txt
join -t '|' -1 1 -2 4 w.txt v.txt > pamoja.txt

Ile t inaeleza kitenganishi ni nini. Mstari wa mwisho unasema: la kwanza tazama safu ya kwanza, la pili tazama safu ya nne. Ziandike zote katika faili moja, uliite oanisha.sh, uliendeshe kwa bash oanisha.sh. Ukikosea unasahihisha mstari mmoja, hurudii kazi nzima. Na yale mafaili ya asili usiyaguse kamwe, fanyia kazi nakala.

Swali moja: hiyo herufi C ni ya nini? Iko pande zote mbili. Niambie.

Nafurahi umeniandikia. Siku hizi watu hawaniulizi kitu.

Mjomba wako

*

Kliniki
1 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena na tena. Barua yako niliisomea mlangoni, sikungoja hata kuketi. Mama yuko salama, ameingia kwaya, wanakwaya ndio sijui kama wako salama.

Nimeandika kila kitu kama ulivyoandika, nukta kwa nukta. Nikaendesha. Haikulalamika, haikupiga kelele. Nikafungua pamoja.txt.

Tupu. Mjomba, tupu kabisa! Hakuna mtoto hata mmoja aliyepata kizibo. Nikalichukua faili la watoto nikaiona 1032, nikalichukua la vizibo nikaiona 1032. Zimefanana kama pacha. Nikamwita mhudumu wa mapokezi, naye akaziona. Akaniambia, "Labda zimenuniana."

Nilicheka, halafu nikaenda chooni nikalia kidogo, halafu nikarudi kazini.

Nimekupigia tena jana. Iliita. Hiyo simu yako ina ugonjwa gani hasa, Mjomba?

Nakungoja,
Chiriku

*

Ofisi ya maji
15 Machi

Chiriku mwanangu,

Futa machozi. Hujakosea kitu, na namba hazijanuniana. Hapa tu salama, mvua zimeanza, mabomba yanapasuka, mimi nashinda na mitambo yangu.

Faili la karakana limetoka kwenye kompyuta za Windows, na hizo huacha alama moja isiyoonekana mwisho wa kila mstari. Namba yao ikiwa mwisho, alama inaing'ang'ania. Wewe unaona 1032. Kompyuta inaona 1032 yenye mkia. Kwa kompyuta hao ni watu wawili tofauti. Mimi nilipaswa kukwambia tangu mwanzo, mkia huo umenitesa kwenye mita mwaka mzima. Andika:

cat -A v.txt | head

Utaona ^M imejibanza kabla ya alama ya dola. Huyo ndiye mwizi. Mfukuze kabla ya kazi nyingine yoyote:

tr -d '\r' < vizibo.csv | tr ',' '|' > vizibo.txt

Halafu, ili usiwe unanisubiri mimi na posta kila ukikwama, andika man na jina la amri. Ni kitabu kilichomo ndani ya mashine. Lugha yake kavu, lakini wewe ulisoma mwandiko mbovu wa mama yako tangu mdogo, utaiweza.

Herufi C hujanijibu.

Mjomba wako

(Nyuma ya karatasi, mwandiko mwingine:)

Chiriku, naandika haraka yuko bafuni. Simu ni nzima. Inalia mezani, pua yake hii hapa, haisikii. Nikimwita chakula, majirani wanaitika kabla yake. Nikimwambia twende akapimwe ananuna siku mbili. Wewe ndiyo kazi yako. Ila usiseme nimesema. Mkazamjomba wako.

*

Kliniki
2 Aprili

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Mkazamjomba mwambie salamu zake nimezipata na nimezielewa.

Mwizi nimemkamata! Nilipomfukuza, pamoja.txt ikajaa. Nilipiga ukelele, msimamizi akatoka ofisini akidhani nimeumwa na kitu. Lakini nilipohesabu, nusu nzima haikuwemo. Sikukuandikia. Nilikaa nikayatazama mafaili, nikaona kila aliyekosa alianza na sifuri. Sisi tunaandika 0147, karakana wameandika 147. Nadhani walilifungua kwenye programu ya majedwali ikawalia sifuri zao. Nikasoma kile kitabu kikavu mpaka chai ikapoa, na badala ya kuwarudishia wao sifuri nikazikata zetu:

sed 's/^0*//' watoto.txt > watoto2.txt

Nikapanga upya, nikaunganisha. Wote wakaingia, Mjomba. Karibu wote. Natamani ungeniona.

Sasa nikueleze na baya. Kwa furaha yangu nikaanza kuwaita wazazi. Wa kwanza alikuja mama mmoja na binti yake wa miaka minane, namba 147. Nikatoa kifuko, nikafungua. Yule mama akakitazama kizibo kwenye kiganja changu.

"Dada," akasema, "hiki ni cha mwanangu au cha mdoli wake?"

Kilikuwa kidogo kama punje ya harage. Cha mtoto mchanga. Nikarudi kwenye orodha na sanduku, nikaona 147 imetokea mara nane: vizibo viwili vikubwa, viwili vidogo, kila kimoja kimeandikiwa watoto wawili. Niliona aibu. Nikamwomba asubiri. Nikaenda kwa msimamizi na nikamuuliza swali lako, nililokuwa nimelisahau kabisa: herufi hii ni ya nini?

Akashika kichwa. "Kabla hujaajiriwa tulipima katika vyumba viwili," akasema. "Cha juu na cha chini. Kila chumba kilianza namba zake kutoka moja."

J ni juu, C ni chini. Uliniuliza Februari, ukaniuliza Machi. Nisamehe. Binti nilimpatia vyake kwa mkono siku ile ile, lakini waliogongana namba ni wengi. Nimesimamisha kila kitu. Sitamwekea mtoto kitu sikioni kwa kubahatisha. Nifanyeje?

Chiriku

*

Ofisi ya maji
14 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Barua hii fupi, basi linaondoka saa hii na dereva amekubali kuibeba.

Kwanza, ile ya kukata sifuri ni nzuri kuliko ambayo ningefanya mimi. Mimi ningezirudisha, mistari mirefu, jasho jingi. Nimeibandika ukutani kwangu.

Pili, ulisimama ulipoona kosa. Hilo halimo kwenye kitabu chochote kikavu.

Tatu, dawa. Katika pamoja.txt herufi yenu ni safu ya pili na ya kwao ni safu ya nane. Acha zipite zile zinazofanana tu:

awk -F '|' '$2 == $8' pamoja.txt > sahihi.txt

Na vizibo visivyo na mtoto vionyeshwe peke yao, usivisahau sandukuni:

join -v 2 -t '|' -1 1 -2 4 w.txt v.txt

Kabla hujaita mzazi yeyote, chukua vifuko kumi popote sandukuni, ulinganishe na umri. Kizibo cha mdoli kisimpate mtu wa miaka minane tena.

Mkazamjomba wako alikuandikia salamu gani? Anacheka tu, hataki kuniambia.

Mjomba wako

*

Kliniki
6 Mei

Mjomba,

Shikamoo, na ahsante, na ahsante tena. Leo nina mengi, keti.

Ilifanya kazi. Nilichukua vifuko kumi, nikachukua na vingine kumi kwa woga, vyote vikalingana. Vilivyobaki bila mtoto vilikuwa vichache mno, nikapiga simu karakana, wakanisomea vitabu vyao, tukavipatia vyote wenyewe. Tumeita watu wiki nzima. Mhudumu wa mapokezi amekauka sauti. Foleni ilitoka mlangoni ikazunguka hadi kwa muuza viatu, naye akatoa mabenchi yake watu wakae.

Nikwambie machache tu. Kuna mvulana alipowashiwa kifaa alimtazama baba yake akamwambia, "Kumbe unakoroma hata ukiwa macho!" Baba ana pumu. Tulicheka mpaka na yeye akacheka. Na yule kichanga mwenye 147 ya pili, ambaye nusura vyake viende kwa mwenzake: mama yake alikuwa ameshika mfuko wa nailoni, ukafanya ule mchakacho. Mtoto akageuka. Mama akauchezesha tena, mtoto akageuka tena. Basi yule mama alikataa kuondoka, amekaa kwenye benchi anachezesha mfuko na kulia, na sisi kazi hatuendelei.

Msimamizi akauliza, "Nani kakufundisha haya?" Nikasema mjomba wangu, kwa barua. Alidhani namtania. Ile oanisha.sh sasa inatumika kila mzigo ukija, na imeandikwa juu yake kazi ya Mjomba. Mama amewatangazia kwaya nzima.

Watoto wangu wakiisha tunapima na watu wazima. Juzi alikuja fundi cherehani, mtu mwenye cheo kwenye mtaa wake, mkono wake hauna mfano. Miaka mitatu amekuwa akiwaambia wateja kwamba simu yake mbovu. Akawa anashona suruali fupi kwa sababu alisikia kipimo tofauti, akiwalaumu wateja kwamba wanasema kwa kumumunya. Nilipomwekea kifaa akaniambia, "Binti, nilikuwa nikiona aibu ya nini?" Ni sikio, Mjomba. Linachoka kama goti la Mama.

Sina la kuongeza hapo.

Nakupenda,
Chiriku

*

Kliniki
20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Sijapata barua yako na wiki zimekwenda. Kama posta imeipoteza, basi sawa. Kama nimesema lililokuudhi, nisamehe, hukunifundisha utovu wa adabu. Tu wazima wote. Mama anauliza kila siku, namwambia mvua zimeharibu barabara.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata kama ni wa kunifokea.

Chiriku

*

Nyumbani
2 Agosti

Chiriku mwanangu,

Marahaba. Barabara ni nzima, mwambie dada ukweli. Mbaya nilikuwa mimi.

Niliisoma habari ya fundi cherehani, nikaikunja, nikamkasirikia fundi cherehani. Nikamwambia mkazamjomba wako, huyu mtoto ananitafuta nini? Akanijibu, nami sikusikia alilojibu. Nikazidi kukasirika.

Kisha mwezi wa saba, pale chumba cha mitambo, waya mmoja uliungua. Kengele ya moshi ikalia jengo zima. Watu wote wakatoka. Mimi nimegeuza mgongo, napanga faili la mita, sina habari. Kijana mmoja, mmoja wa wale ninaowasema kwamba wananong'ona, alihesabu watu huko nje akaona mmoja hayupo. Akarudi ndani akanishika bega. Nilipogeuka uso wake ulikuwa umelowa jasho na mdomo uko wazi, nikaelewa kwamba alikuwa ananiita kwa kupiga kelele tangu mlangoni. Moto haukuwa mkubwa, hakuna aliyeumia. Lakini jioni nilikaa sebuleni, nikaitoa barua yako, nikaikunjua.

Nilikwenda. Wakanipima, wakanimiminia ile dawa yenu ya baridi sikioni. Nikawaambia mpwa wangu ndiyo kazi yake, wakanipa kiti kizuri. Wiki tatu nikasubiri. Nikawauliza kama wana uhakika kizibo ni changu, yule dada akakasirika kidogo. Ni changu. Kimeingia kama kimezaliwa humo.

Nakushukuru, mwanangu. Nakushukuru kwa kutonisema, na kwa kunisema. Yule kijana nimemshukuru pia, mbele ya wenzake, na nikamwomba radhi. Wanazungumza vizuri tu wale vijana. Simu nayo nipigie, ila uanze taratibu, maana sasa kila mtu ananifokea kwa mazoea.

Nikumalizie na jambo moja, sijamwambia mtu mwingine. Siku niliyorudi na kifaa niliingia kwa mlango wa nyuma. Nikasikia sauti jikoni. Nikasimama. Mkazamjomba wako alikuwa anamenya viazi na kuimba, polepole, wimbo ule aliokuwa akiimba tulipooana. Mimi nilijua aliacha kuimba tangu tulipohamia nyumba hii. Miaka yote nimeamini kwamba hana furaha humu, kwamba nilimleta mahali asipopapenda, na sikuwahi kumuuliza kwa kuogopa jibu.

Nikamwambia, "Umeanza lini tena kuimba?"

Akageuka na kisu mkononi, akanishangaa.

"Niliacha lini?"

Mjomba wako